Nilizaliwa mwaka wa Uhuru, mwanangu anasema mlima si wa umri wangu

Mpendwa mshauri,

Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Morogoro. Desemba hii natimiza miaka 64. Nilizaliwa siku chache baada ya Luteni Alexander Nyirenda kusimika bendera na Mwenge kule juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, na jina langu, ambalo naomba usilitoe, linatokana na siku zile. Marehemu baba alikuwa akinitania, "Wewe na ule mlima mna miadi." Nimeuchora ubaoni kwa chaki miaka 34. Sijawahi kuukanyaga.

Baada ya kustaafu, na mume wangu kufariki, nilikuwa mtu wa kushinda ndani. Jirani akanivuta kwenye kikundi cha kutembea. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana mjini, tunapanda Milima ya Uluguru hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Miezi ya mwanzo nilikuwa naishia njiani, nakaa kwenye jiwe nawasubiri wakirudi. Sasa huu ni mwaka wa pili na nafika. Nimepungua kilo saba, usingizi umerudi. Presha natumia dawa mbili, moja ya kawaida na moja ya maji, na kliniki ya mwisho ilisoma 136 kwa 82. Lakini kikubwa kuliko hivyo vyote ni kwamba nikiwa kule juu sijioni mjane.

Sasa matatizo. Aprili, masika yamekolea, tulikuwa tunashuka, ule udongo mwekundu umelowa unateleza kama sabuni. Nilivaa buti la mtumba nililolinunua kwa bei nzuri, linaonekana jipya kabisa. Soli ikabanduka yote, ikabaki inaning'inia kama ulimi. Nikaanguka, nikajikinga kwa mkono. Kifundo cha mkono kikavimba. Nilikwenda kwa mama mmoja anayekanda, siku nne uvimbe ukaisha, ingawa mpaka leo nikikamua nguo nasikia maumivu.

Mwanangu wa kwanza, aliyeko Dar es Salaam, nilimwambia niliteleza bafuni. Haikupita wiki akatuma fundi. Nimewekewa vyuma vya kushikia ukutani na mkeka wa mpira sakafuni. Kila nikivishika vile vyuma nasikia aibu.

Kikundi kimepanga kupanda Kilimanjaro sikukuu ya Desemba 9, njia ya Marangu, siku tano kwenda na kurudi. Nimeshatoa shilingi 400,000 kutoka kwenye gawio langu la vikoba. Sikumwambia mwanangu, aliona picha kwenye status ya jirani. Akapiga simu: "Mama, ule mlima si wa umri wako. Baba alianguka shambani, mimi ndiye niliyemkuta. Unataka na wewe nije nikuokote?" Akakata. Huu ni mwezi sasa. Hela ya matumizi anatuma kama kawaida, lakini maongezi hayavuki salamu.

Na niseme yote maana hunijui. Goti la kulia huniuma wakati wa kushuka, kwa hiyo kila Jumamosi nameza diklofenaki mbili kabla ya kutoka nyumbani. Kliniki sijawahi kuwaambia kwamba napanda milima, naogopa kugombezwa. Kikundini hawajui kama nina presha. Kiongozi wetu ni kijana mchangamfu, akiniuliza, "Mwalimu, vipi?" najibu, "Niko vizuri," hata kama moyo unadunda kama ngoma. Nikibaki nyuma wananisubiri, na nikiwafikia tu, wanainuka tunaondoka. Dada mmoja alinipa fimbo yake nikaikataa. Nywele zenyewe nyeupe, nikishika na fimbo si ndiyo nimekuwa bibi wa kuongozwa?

Je, nimtii mwanangu nisiende? Au niende, nitimize miadi yangu?

Mwalimu wa mwaka wa Uhuru, Morogoro

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu, naandika pembeni nani anajua nini. Mwanao anajua kuhusu mlima ila hajui kuhusu presha kusoma vizuri, kilo saba, usingizi, wala kuanguka kule mlimani. Kliniki wanaijua presha, hawajui mlima wala diklofenaki. Kikundi kinajua unatembea, hakijui presha wala goti. Mama mkandaji anaujua mkono tu. Wote hao wanakutakia mema, na kila mmoja anakulinda kwa kipande alichopewa. Wa kuvijua vipande vyote ni wewe, na sasa mimi, ambaye hata sura yako siijui.

Kwa hiyo swali lako, niende au nisiende, naliona limetangulia foleni. Wacha tulirudishe nyuma kidogo, tutalifikia.

Nianze na umri, kwa sababu wewe na mwanao mmelikubali hilo neno bila kulipima. Yeye anasema mlima si wa umri wako, wewe unaikataa fimbo ili umri usionekane. Mwaka 2019 mama mmoja wa Kimarekani, Anne Lorimor, alifika kilele cha Uhuru akiwa na miaka 89. Na huna haja ya kwenda Marekani. Jumamosi mkiwa mnapanda, mnapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka sokoni na matenga kichwani, na baadhi yao ni wakubwa wako. Umri peke yake haufungi njia. Lakini hauifungui pia, tuwe wakweli. Yule bibi wa tenga ameishi na mteremko ule tangu alipojua kutembea, na Mama Lorimor hana goti lako. Ninachosema ni kwamba mtu akitaka kukuzuia au kukuruhusu, asitumie tarehe yako ya kuzaliwa. Atumie mkono, goti, presha na moyo, maana hivyo ndivyo vitakavyopanda.

Mkono ndio ulionishtua. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akianguka kwa kujikinga na kiganja, kifundo cha mkono ndiyo sehemu inayovunjika mara nyingi, na nyufa nyingine ndogo hazikuzuii kushika chaki wala sufuria. Zinauma tu wakati wa kukamua nguo. Baada ya miezi yote hii, mfupa ungekuwa umeunga, lakini wako bado unasema kitu. Naomba ukapigwe picha ya eksirei. Si kwa ajili ya Desemba. Mfupa uliovunjika kwa anguko la kawaida huwa ni taarifa juu ya mifupa mingine, ikiwemo ile nyonga ambayo mwanao anaiwaza usiku bila kuitaja. Kama mifupa imepungua uimara, kuna matibabu, na kutembea kwenyewe ni sehemu ya matibabu hayo. Huyo mama anayekanda sina ugomvi naye, kwa misuli. Mfupa hauonekani kwa vidole.

Halafu hizo diklofenaki mbili za Jumamosi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe, wewe ni mkubwa wangu. Dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Wewe una dawa ya maji juu yake, na asubuhi ile unatoka jasho kwa muda wa saa nne au tano. Mwili umekauka, dawa ya maji inaendelea kukamua, diklofenaki inabana damu inayokwenda kwenye figo. Figo ndizo zinazolipa. Ile 136 kwa 82 uliyonitajia ni ya siku ya kliniki, umekaa kwenye benchi. Ya Jumamosi saa sita mchana hakuna aliyewahi kuipima.

Tena dawa ile inanyamazisha goti, hailiponyi. Goti linakuambia "punguza", unalifunga mdomo, unalishusha kilima kizima. Na hapa ndipo nataka uone kitu ambacho vikundi vya vijana huwa havikizungumzii, kwa sababu wao wanawaza kufika. Usiku wa kilele watu huondoka kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, karibu na saa sita usiku, wanapanda changarawe hadi mita 5,895. Wakishapiga picha, siku hiyohiyo wanashuka hadi kibanda cha Horombo, kama mita 3,700. Hesabu mwenyewe, Mwalimu: ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka kwa siku moja, ukiwa hujalala. Mteremko wako wa Morningside haufiki nusu ya hapo, na hata huo unaushuka kwa vidonge. Kwenye kupanda sina wasiwasi mkubwa na goti lako. Kwenye kushuka ninao.

Ndiyo maana suala la fimbo siwezi kuliacha. Nenda geti la Marangu asubuhi yoyote uangalie. Vijana wa Kizungu wa miaka 25, vifua kama milango, kila mmoja ana fimbo mbili. Hakuna anayewaita mababu. Wakati wa kushuka unaitanguliza fimbo chini, unaiegemea, kisha ndipo unashusha mguu, na mzigo uliokuwa uende wote gotini unapita mkononi. Wakati wa tope inakupa mguu wa tatu. Laiti ungekuwa nayo Aprili, soli ingebanduka na ungebaki umesimama, unacheka. (Kuhusu buti za mtumba: zile zenye soli ya povu zikikaa miaka stoo soli huoza kwa ndani huku nje ziking'aa. Kabla hujanunua, likunje buti kwa nguvu, na bonyeza soli kwa ukucha. Ikimeguka kama keki, muachie muuzaji.)

Mazoezi ya goti yapo, mtaalamu wa viungo atakuonyesha yanayokufaa. Moja unaweza kuanza leo: simama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, mkono ukiwa karibu na ukuta. Vyuma vya bafuni unavyo, vitumie kwa hilo, aibu itapungua.

Sasa kikundi. Kuna jambo umeliandika kama la kupita tu, kwamba ukiwafikia wanainuka na kuondoka. Sasa fikiria: wao wamekaa dakika kumi, wamekunywa maji, wamefunga kamba za viatu. Wewe aliye nyuma, mwenye kuhitaji pumziko kuliko wote, hupumziki hata dakika moja mpaka juu. Huyo kijana wala si mbaya. Hajui, kwa sababu kila akiuliza anajibiwa "niko vizuri". Mtembezi anayejua kazi yake humweka mbele mwenye hatua fupi, wengine wakafuata. Hiyo "pole pole" ya waongozaji wa Kilimanjaro, ambayo wageni wanaichapisha kwenye fulana, ina maana hiyo hasa: hatua ya mtu wa polepole ndiyo hatua ya msafara.

Kipimo cha mwendo unacho kooni. Ukiweza kuimba pambio, uko chini ya uwezo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima, mwendo ni huo. Ukishindwa kumaliza sentensi, simama, hata kama wamekwenda. Kiu nayo usiisubiri, katika umri wetu huchelewa kufika. Na kuna mambo ambayo hayataki kusimama tu, yanataka kugeuza na kutafuta daktari: kifua kubana, maumivu ya kwenda begani au tayani, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, pumzi isiyorudi hata baada ya kukaa. Mtu wa kujibu "niko vizuri" kwenye hayo ndiye anayenitia hofu kuliko mwenye miaka 89.

Juu zaidi kuna ugonjwa wa mwinuko, na huo hauangalii nywele nyeupe. Unawaangusha wanariadha. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula kukukataa. Ukiendelea kupanda nao, mtu anaanza kuyumba kama mlevi au kuhema akiwa amekaa, na hapo dawa ni kushuka, saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kinga yake kubwa ni muda. Mmepanga siku tano. Wengi huongeza siku moja pale Horombo ili mwili uzoee, na nadhani unajua kwa nini kikundi hakikuiongeza: ni pesa. Kuna vidonge vya kusaidia, asetazolamaidi, lakini navyo vinakojoza, na wewe tayari una dawa ya maji. Usivipokee kutoka kwenye mkoba wa mtu getini.

Nasogea kwa mwanao. Wewe umesikia amri. Mimi nimesoma maneno yake mara kadhaa, na kichwa cha habari naona si mlima. "Mimi ndiye niliyemkuta." Huyo ni mtoto anayezungumza, na sidhani kama mmewahi kukaa mkazungumza siku ile aliyomkuta baba yake. Wewe ulipata mlima, ukapanda mpaka huzuni ikapungua. Yeye alipata nini? Amepata fundi wa kufunga vyuma. Kila anapoweza kukunja mikono ya shati na kuzuia anguko, anafanya. Anguko lililotokea kweli hukumwambia mahali lilipotokea, kwa hiyo alizuia lisilokuwepo.

Unaweza ukaogopa kwamba ukimwambia ukweli wa Aprili utakuwa umempa silaha. Inawezekana. Anaweza kusema, "Unaona sasa?" na akawa mkali zaidi kwa wiki kadhaa. Hiyo ni gharama, siifichi. Lakini fikiria upande wa pili: tatizo likitokea Horombo, atakayepigiwa simu ni yeye, na atayajua yote kwa mpigo, kutoka kwa mtu asiyemfahamu.

Tufike Desemba basi. Unaweza kwenda kama ilivyopangwa. Utakuwa na wenzako, sikukuu yenyewe ndiyo ile, na miaka 64 imefika pamoja nayo. Ila Novemba na Desemba ni vuli kule, njia ya msituni huwa na matope, siku ni tano, na goti ni hilo. Unaweza kuomba sehemu yako ya fedha isogezwe mpaka Januari au Februari, kunapokauka, ukaenda kwa siku sita na watu wachache wa mwendo wako. Hapo utapoteza ile tarehe, na najua tarehe hiyo kwako ina uzito, pengine utapoteza na sehemu ya malipo.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huidharau. Kutoka geti la Marangu hadi kibanda cha Mandara ni kama kilomita nane za msitu mnene, mbega weupe kwa weusi wanaruka juu ya kichwa, na kufika kwenyewe ni mita 2,700 hivi. Ukisogea robo saa mbele yake kuna kreta ndogo ya Maundi. Utakuwa umeukanyaga Kilimanjaro kwa miguu yako, kisha ukarudi au ukalala na kuwaaga wenzako wakiendelea. Hatari yake haiko mwilini. Ni ile asubuhi ambayo wenzako wanafunga mikoba kwenda Horombo na wewe unageuka, na moyo unakwambia "hata Horombo tu". Kama unajijua huwezi kugeuka, usichague hiyo. Na unaweza pia kutokwenda kabisa, ukabaki na Uluguru wako. Hapo chunga kitu kimoja, usije ukabaki kwa ajili ya mwanao halafu ukamlipisha kimyakimya.

Lipi kati ya hayo? Sijui, kweli sijui, na kabla ya eksirei na kliniki wewe nawe hujui. Nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, pamoja na diklofenaki. Waambie: "Napanda Morningside kila Jumamosi, nataka kupanda Kilimanjaro." Uliza kama unahitaji kipimo cha moyo, uliza goti litulizwe kwa nini badala ya hizo. Wakikugombeza, umeshagombeza watoto wa watu miaka 34, utavumilia.

Kuhusu mwanao, sikushauri umwandikie wala umpigie. Mwite Morogoro Jumamosi moja, mwende Morningside wawili tu, bila kikundi, wewe mbele na fimbo yako. Ukifika pale ulipoangukia, simama umwonyeshe. Mwambie habari ya soli, ya mkono, ya bafuni. Kisha muulize habari ya siku ile ya shambani, na umwache azungumze hata kama itawachukua mpaka jua likawaka. Hana haja ya kukubali chochote siku hiyo.

Nahisi mtu wa ofisini na kiti cha gari atahema kabla hamjafika nusu. Mwambie abebe maji yake mwenyewe, ya kwako utayahitaji.